Barua kwa mwanangu: nenda kaabudu hivyo hivyo

Mwanangu, salama? Huku tunamshukuru Mungu tuko wazima, bibi yako tu na ile miguu yake.

Umeniuliza mambo mawili kwenye ile voisi ndefu, moja kwamba kama Mungu ana huruma mbona tangu upunguzwe kazi kila mlango unaogonga haufunguki, na la pili ukasema kanisani unaimba mdomo tu moyo haupo, sasa si unafiki huo, bora ubaki kitandani. Nakujibu kwa kuandika maana nikikupigia nitalia afu utaniambia mama acha.

Nianze na hilo la pili ndo limenikaa. Mnafiki ni yule anayemwonyesha Mungu uso usio wake. Mtu aliyevunjika akaenda akakaa pale na kuvunjika kwake huyo sio mnafiki hata kidogo. Mwangalie Hana mama yake Samweli, alifika Shilo hana zaburi wala nini, analia, midomo inacheza sauti haitoki, kuhani Eli akadhani amelewa, na yeye akamjibu kwa heshima tu kwamba hapana bwana wangu, nimeimimina roho yangu mbele za BWANA. Ibada ndo ile. Afu kasome Amosi 5 uwaone wale wenye nyimbo nzuri na vinanda, Mungu anawaambia niondoleeni kelele hizo, kwa sababu huku wanaimba huku wanawakanyaga maskini na kula rushwa.

Haya, huruma sasa. Watu wanaupenda sana ule mstari wa Maombolezo 3 kwamba rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, wanauweka kwenye kalenda, wanauweka status, na wengi hawajawahi kuangalia umekaa wapi. Umekaa katikati ya kilio baba. Yerusalemu imechomwa na Wababeli, ni mwaka 586 kabla ya Kristo huo, hekalu majivu, watoto wanaomba mkate hakuna wa kuwamegea, na kwenye sura hiyohiyo juu kidogo mwandishi analalamika Mungu amemvunja meno kwa changarawe, akilia maombi yake yanazuiliwa. Yapo kwenye Biblia hayo, hakuna aliyeyafuta. Na kitabu chenyewe hakiishii kwenye huo mstari mtamu, kinaendelea sura mbili zaidi za majonzi na kinafungwa kama mtu anayeuliza, au umetukataa kabisa? Ndo maana mimi nauamini, kwa sababu aliyeuandika hakuwa ameshiba. "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii", anasema. Hajasema kazi imepatikana wala nyumba imejengwa upya, kasema hatuangamii, yaani bado tupo tunapumua, na yeye hapo hapo kwenye majivu akaiita hiyo huruma.

Huyo aliyekwambia upande mbegu, yaani utoe sadaka ili mlango wa kazi ufunguke, ukampelekea hela ya kodi, simtaji wala simhukumu ila sikubaliani naye kabisa. Sadaka ni shukrani. Si unakumbuka mnada wetu baada ya ibada, huyu kaleta mkungu wa ndizi, yule mayai kwenye kikapu, mzee wa kanisa kasimama nje anataja bei, juzi hapa kuku mmoja alipandishwa mpaka ikawa kichekesho na aliyemnunua akamrudishia bibi yuleyule aliyemleta. Hakuna anayeondoka pale anamdai Mungu chenji. Rehema ingekuwa inauzwa sisi wa huku migombani tungeshakwisha zamani. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali hata macho hakuinua, akasema Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki, sio yule Farisayo wa zaka ya kila kitu.

Ulikuwa mdogo labda hukumbuki ule mwaka baba yako anaumwa na bei ya kahawa imeanguka mpaka watu wanang'oa mibuni wapande nyanya. Mimi nilikuwa kwaya, sauti ya pili, ikafika mahali siwezi kuimba, nasimama tu na joho langu mdomo nimefunga. Mwalimu wa kwaya hakunitoa. Jioni wamama wa jumuiya wanaingia jikoni bila hodi, mmoja anamenya ndizi mwingine anachochea moto, wanasali wao, mimi naitikia amina na siku nyingine hata amina haitoki. Yule aliyepooza wa Marko 2 naye alibebwa na watu wanne wakatoboa dari, na imeandikwa Yesu aliiona imani yao, ya yeye mwenyewe aliyelala kwenye godoro haikuulizwa. Baba yako alipona, ndio. Ila mama yangu mdogo aliombewa na watu haohao akafa, kwa hiyo sitakudanganya kwamba ukiomba vizuri mambo yatanyooka. Kwa nini huyu akapona yule akaenda sijui mwanangu, nimeshaacha kuulizana na Mungu hilo, ninachojua kwenye msiba na kwenye kupona hatukuwa peke yetu.

Kwa hiyo nenda. Kaa benchi la nyuma ukitaka. Ukishindwa kuimba sikiliza wenzio. Na ukiwa peke yako mwambie Mungu vilevile ulivyoniambia mimi kwenye voisi, kwa hasira hiyohiyo, usiipake sukari, Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza hata lini, ya 88 inaishia gizani kabisa, na Ayubu aliyelalamika sura kwa sura Mungu alisema kanena yaliyo sawa kuliko wale rafiki zake waliokuwa na majibu ya kila kitu. Tafuta na jumuiya hapo mtaani kwenu, Dar mtu anashinda njaa ukuta mmoja na jirani na jirani hajui.

Kuhusu kodi usikope kwenye hiyo mikopo ya simu, riba yake inaua. Nimechukua kidogo vikoba nitakutumia Ijumaa, mwambie mwenye nyumba apokee ya miezi miwili kwanza. Na baba yako mdogo anasema kuna mtu wake Ubungo anatafuta wa kukaa stoo, najua sio ulichosomea, pokea simu yake basi, anasema jana kapiga mara kibao.

Mama