Noti za chini kabisa za saksafoni: pima chombo kwanza, mdomo baadaye

Ukishuka kutoka D ya chini kuelekea C, B na B flati, noti hulipuka kwa kelele, hukwaruza, au huruka oktava nzima. Wanaoanza wengi hukimbilia kununua mauthipisi (kipande cha kupulizia) mpya. Zuia pesa zako kwanza.

B flati ya chini hutaka matundu yote yazibwe kabisa, kwa hiyo pedi yoyote (kifuniko laini cha tundu) ikivuja, hata ya juu kule, noti hii ndiyo hulipa. Saksafoni ya mtumba, au iliyobebwa kwa begi laini ndani ya matatu zilizojaa, ishuku. Piga F, E, kisha D, na ukiwa umeishikilia kila moja, bonyeza ufunguo wa G shapu. Sauti isibadilike. Ikibadilika, pedi ya G shapu inainuka, na kwa saksafoni za kisasa hilo ni baya zaidi kwa sababu funguo za C shapu, B na B flati za kidole kidogo cha kushoto huufungua ufunguo huo pia. Kuna skrubu ndogo ya kuirekebisha. Izungushe kidogo kidogo, ujaribu tena kila mara. Halafu shika G, bonyeza oktava kwa kidole gumba mara kadhaa: pedi ndogo ya shingoni isitikisike. Ikitikisika, pete ya shingo imepinda, mara nyingi kwa kushikwa vibaya wakati wa kuunganisha. Mwisho, chumba kikiwa na giza, shusha taa ndogo ndani ya chombo na ufunge funguo kwa nguvu ya kawaida. Mwanga ukichungulia kando ya pedi, mwone fundi. Kufinya funguo kwa nguvu huficha tu uvujaji, na huchosha vidole.

Ridi nayo, kile kipande chembamba kinachotetemeka kwenye mauthipisi. Namba 2 au 2.5 inamtosha anayeanza. Kiangazi cha Januari na Februari hapa Nairobi hupinda ncha ya ridi, basi ilowanishe dakika moja au mbili. Ifunge kwenye mauthipisi, ziba upande wa pili kwa kiganja, nyonya hewa, kisha uiachie: inatakiwa kushika kidogo kabla ya kupasuka “pop”. Isiposhika, ridi haikai vizuri.

Sasa mdomo. Anayetaka kupiga kwa sauti ndogo kwa kawaida hupunguza pumzi na kubana taya, na hapo ndipo noti huruka. Pumzi iendelee kutoka kwa kasi ileile. Kinacholegea ni taya. Ishushe kidogo, pembe za mdomo zishike imara, mdomo wa chini utokeze kidogo, koo liwe wazi kama unatamka “oo”. Hewa iwe ya joto, kama ya mtu anayefukiza kioo cha miwani. Kujipima: puliza mauthipisi pekee. Kwa saksafoni ya alto lenga A ya 880 Hz. Ukipata C, unauma.

Mazoezi, dakika kumi kila siku, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 60: anza G, shuka hatua kwa hatua hadi B flati bila kugusa ridi kwa ulimi, ukianzisha kila noti kwa “huu”. Ishikilie mapigo 8 na kuififisha hadi pale inapotaka kukatika. Hapo ndipo mpaka wako wa leo. Ulimi uongeze baadaye, na kwa wepesi.

B flati ikiendelea kugugumia ilhali kila kitu kiko sawa, sogeza mauthipisi ndani milimita 2 au 3. Baadhi ya wapigaji hudondosha kizibo ndani ya kona ya chini ya chombo, na kweli mara nyingine kugugumia hunyamaza, ila hiyo ni plasta.

Wanaokaa kwenye vyumba vya kupanga huziba mdomo mpana wa saksafoni kwa nguo kwa ajili ya majirani. Noti nyingi hutokea kwenye matundu na hazinyamazi sana, lakini B flati hutokea mdomoni hapo, kwa hiyo zoezi hili fanya ukiwa wazi. Kwa sababu hiyohiyo, kanisani usielekeze maikrofoni ndani ya mdomo huo: noti za chini zitapiga kelele na nyingine zote zitasikika kwa mbali.