Laptopu haiwaki tangu umeme ukatike: kabla hujakubali kwamba mazabodi imekufa

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umeme ulikatika usiku ukiwa unaandika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, na kulipokucha laptopu haikuwaka. Fundi wa kwanza akabonyeza swichi mara tatu, akasema mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, imekufa, leta laki mbili na themanini. Na humo ndani kuna tasnifu ambayo hukuinakili popote. Mimi natengeneza mashine hizi hapa Tanga, huu ni mwaka wa 12, na nakujibu kwa urefu kwa sababu hali kama yako naletewa kila msimu wa mvua.

Nianze na tasnifu, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Mashine ikikataa kuwaka, mara nyingi kilichoharibika sicho kilichobeba kazi zako. Faili ziko kwenye diski, na katika laptopu nyingi diski ni kipande kinachojitegemea, unafungua skrubu moja au mbili kinatoka. Kiweke kwenye kasha la USB, chomeka kwenye kompyuta ya rafiki, nakili. Kama kompyuta ile itadai ufunguo wa tarakimu 48, usishtuke: Windows ilikuwa imeifunga diski kwa BitLocker, kufuli lake la siri, na ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia siku ya kwanza. Shida ipo kwa mashine ambazo diski imechomelewa humo humo kwenye mazabodi, kama MacBook za miaka ya karibuni. Hizo faili hazitoki mpaka mazabodi ipate uhai.

Kwa hiyo fundi yeyote atakayeishika, neno la kwanza likutoke mdomoni mwako: usipige Windows upya. Nasema hivi kwa sababu mwaka 2014 niliwahi kumkosea mtu. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu, kioo kinaandika kwamba hakuna diski ya kuwakia. Nikapiga Windows upya, ikawaka vizuri, nikamwita. Akafungua, akaniuliza, "Matokeo ya watoto wangu ya miaka minne yako wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba ubavuni kulikuwa na flashi imechomekwa, na mashine ilikuwa inang'ang'ania kuwakia kwenye flashi ile. Kuichomoa tu kungetosha. Tangu hapo sifuti diski ya mtu kabla sijamuuliza na kabla sijanakili.

Sasa turudi kwenye mashine yako. Neno "haiwaki" hubeba magonjwa matatu. Kuna inayokaa kama jiwe: hakuna taa, hakuna feni. Kuna inayowasha taa na feni inavuma lakini kioo ni cheusi. Na kuna inayoonyesha nembo halafu ikakwama. Yako, kwa ulivyoeleza, ni jiwe, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Bonyeza swichi ya kuwashia, ishikilie sekunde 30 nzima bila kuachia. Umeme kidogo hubaki kwenye kapasita, vile vipande vidogo vya kwenye bodi vinavyotunza umeme, na baada ya kukatika-katika kama usiku ule, chipu inayosimamia uwashaji huweza kuganda kwenye hali mbaya. Ukishaachia, rudisha chaja peke yake bila betri, jaribu. Mashine yenye betri ya ndani inabidi uifungue mgongo na uchomoe plagi ya betri kwanza. Nimeshaona watu wakirudi nyumbani na mashine nzima kwa hili tu.

Ikigoma, angalia taa iliyo kwenye boksi la chaja. Hii haigharimu kitu na inasema mengi. Chomeka chaja ukutani pekee: taa iwake. Isipowaka, badilisha soketi na ule waya mfupi wa ukutani kabla ya kuilaumu chaja. Ikiwaka, sasa ichomeke kwenye laptopu huku ukiitazama. Ikizimika papo hapo, ukichomoa ikarudi, chaja inajilinda: ama yenyewe ni dhaifu, ama ndani ya laptopu kuna shoti. Azima chaja nyingine ya aina hiyo hiyo. Nayo ikizimika, shoti iko kwenye mashine. Taa ikibaki imewaka na mashine imenyamaza, basi umeme unafika mlangoni ila hauingii ndani, au unaingia lakini amri ya kuwaka haitoki. Hapo kagua tundu la chaja. Likichezacheza, au ukiona weusi wa kuungua pembeni yake, umepata pa kuanzia.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, weka kwenye volti za DC, pima ncha ya chaja. Chaja nyingi za Dell na HP zimeandikwa 19.5, za Lenovo 20. Lakini namba nzuri isikudanganye. Nimepima chaja zinazotoa 19.4 zikiwa hazina mzigo, ukizichomeka kwenye mashine zinaporomoka. Ndiyo maana kujaribu na chaja nyingine kunashinda kupima. Na kama yako ni ya USB-C, ujue chaja ile huanza na volti 5, halafu inakubaliana na mashine ndipo ipande hadi 20. Ukikuta imekwama kwenye 5, mazungumzo hayo hayafanyiki, na kosa linaweza kuwa kwenye chaja, waya, tundu au chipu iliyo nyuma ya tundu.

Sasa hiyo "mazabodi imekufa". Mwezi uliopita nililetewa Dell Latitude iliyopewa hukumu hiyo hiyo, na taa ya chaja ilikuwa inazimika kama nilivyoeleza. Nikachomoa betri, nikaweka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, nikagusa kapasita kubwa za njia ya volti 19 karibu na tundu: 0.6. Pale mita ilipaswa kupanda, si kukaa chini hivyo. Nikaingiza volti 1 tu kutoka kwenye kifaa changu cha mezani cha kutolea umeme, nikamwagia eneo lile spiriti ya isopropili, nikainamisha taa na kutazama. Bodi nzima iling'aa kwa unyevu, isipokuwa alama moja, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyokauka haraka kuliko jirani zake. Ilikuwa kapasita ya kauri, na chini ya lenzi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikaitoa, nikapima tena, shoti haipo. Nikaweka nyingine kutoka kwenye bodi mbovu, nikachomeka chaja, taa ikabaki imewaka, feni ikazunguka. Nilimtoza elfu 35.

Sikuahidi kwamba yako ni hivyo. Umeme uliorudi kwa kishindo unaweza kuua kitu kizito zaidi, na zipo bodi nilizoshindwa. Lakini fundi anayesema bodi imekufa aweze kukuonyesha umeme umeishia wapi: volti 19 zipo? Zile za 3.3 na 5 zinazotangulia kabla mashine haijawaka zipo? Amefungua akakuta kutu au madoa? Huku pwani chumvi ya hewani hula sana. Nimefungua mashine zisizowahi kumwagikiwa hata tone la maji, nikakuta unga wa kijani chini ya soketi ya kibodi. Asiyeweza kujibu hata moja hajapima, amekisia, na makisio hayauzwi laki mbili na themanini.

Kazi ya volti 1 na spiriti usiijaribu nyumbani kama hujawahi. Na kamwe usichomeke chaja huku unagusa ndani.

Kwa wenzetu ambao taa zinawaka ila kioo cheusi: mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona picha hafifu, mashine ni nzima, kilichokufa ni mwanga wa nyuma wa kioo au waya wake. Chomeka HDMI kwenye televisheni kuthibitisha. Usipoona kitu, toa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha moja moja, ukibadilisha nafasi. Isukume mpaka vishikizo vya pembeni viruke vyenyewe na kulia "ta". Mashine mpya zenye RAM ya aina ya DDR5, ukishagusa RAM, zinaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa zikijipanga. Subiri, usizime. Hesabu pia mipepeso ya taa: kwenye Dell nyingi za karibuni, machungwa 2 kisha nyeupe 3 ni RAM haionekani, machungwa 2 kisha nyeupe 7 ni kioo. HP nazo hupepesa, ila hesabu hutofautiana kwa toleo, fuata mwongozo wa modeli yako.

Inayofika kwenye nembo na kukwama, chomoa flashi zote, kisha ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows, uone kama diski inatajwa. Ikitajwa, tazama saa na tarehe. Zikiwa zimerudi nyuma miaka, betri ndogo ya mazabodi imeisha, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, na mipangilio inaweza kuwa imejigeuza. RAID na AHCI ni namna mbili za mashine kuongea na diski: iliyozoea RAID ikikuta AHCI, Windows inaweza kugoma kwa kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na watu wakadhani imekufa. Irudishe ilivyokuwa. Na diski ya zamani ikianza kugonga "tak, tak", zima hapo hapo, maana kila dakika inayozunguka inajikwaruza.

Niandikie modeli kamili iliyo mgongoni, taa ya chaja inafanya nini ukichomeka, na ukifungua mgongo unaona diski ya kuchomoa au hakuna. Ukiwa na picha ya eneo la tundu la chaja iweke. Usimwachie mashine yule fundi usiku wa leo, na kama diski inatoka, itoe ukae nayo.