Goti Kwenye Usukani, Kichwa Kwenye Turubai: Maswali ya Madereva Warefu

SWALI: Ndugu wahariri, nina gari dogo la michezo aina ya MGB la mwaka 1967, lile la turubai. Urefu wangu ni sentimita 193. Magoti yanabanwa na usukani, na turubai likifungwa kichwa kinagusa. Viti vilishonwa upya hivi karibuni nikitarajia nafuu, kumbe hali imezidi kuwa mbaya. Je, nitoboe matundu mapya sakafuni ili kiti kirudi nyuma?

JIBU: Keekee iache kwanza. Dereva mrefu hukimbilia kurudisha kiti nyuma, wakati shida kubwa huwa ni kwamba amekaa juu mno. Kiti kikirudi nyuma bila kushuka, kichwa kitabaki palepale kwenye turubai, na mikono itaanza kuufukuzia usukani. Shusha nyonga kwanza, mengine yafuate.

Anza na jaribio lisilogharimu kitu. Fungua kiti chote ukitoe nje. Kunja blanketi, ulitandike sakafuni pale kilipokuwa kiti, liwe na unene wa sentimita 5 hivi ukishalikalia. Egemeza mgongo kwenye mto mgumu, ufunge turubai na mlango. Hapo umekaa chini kadiri gari linavyoweza kukuruhusu. Kama kichwa bado kinagusa, hakuna kiti kitakachokusaidia. Kama umepata nafasi ya ngumi moja juu ya kichwa, kazi inawezekana, na ngumi hiyo ndiyo ya kulenga, maana gari likiingia shimoni mwili huruka.

Sasa tuje kwenye viti vyako vipya. Kiti cha zamani hukalia mikanda ya mpira, au kipande kizima cha mpira, kilichovutwa kwenye fremu. Mpira ukichoka hubonyea, na dereva huzama. Fundi anapoweka mpira mpya na sponji mpya nene, unajikuta umekaa juu ya kiti badala ya ndani yake, na milimita 30 hadi 50 zimepotea. Ndiyo sababu hali yako imezidi. Fungua kitambaa kwa chini, utoe sponji, uikate kwa upande wa chini, si wa juu, ili umbo la kukalia lisiharibike. Kata milimita 15, rudisha, kaa, kisha urudie ikibidi. Chini ya mifupa ya makalio bakiza angalau milimita 35 za sponji ngumu. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, safari ya saa moja itakuwa mateso. Sehemu ya mbele inayobeba mapaja usiiguse sana.

Kisha tazama chini ya reli ambazo kiti huteleza juu yake. Kwenye MGB kuna vipande vya kunyanyulia, vya mbao au vya chuma, kati ya reli na sakafu. Ukivitoa, kiti kinashuka kwa unene wake wote. Wengine hutoa vya nyuma tu ili kiti kilale. Hiyo inafaa kwa mwenye shida ya kichwa peke yake. Wewe magoti pia yamebanwa, na kiti kikiinuka mbele kitayapandisha zaidi, kwa hiyo toa vyote. Jambo moja hapa husahaulika: boliti zilezile sasa zitakuwa ndefu kupita kiasi. Zinaweza kugota kwenye nati kabla ya kubana reli, na wewe ukadhani zimekaza. Tafuta fupi zaidi zenye uzi uleule na ugumu uleule. Kata pia zulia lililo chini ya reli, la sivyo mpini wa kusogezea kiti utakuwa unakwama.

Egemeo la mgongo nalo lina mchango. Kwa kiwiliwili cha milimita 900 kutoka nyonga hadi utosini, ukililaza kutoka nyuzi 15 hadi 20, kichwa kinashuka milimita 24 hivi. Ila kichwa hicho kinakwenda nyuma karibu milimita 75, na mabega nayo yanakifuata, hivyo usishangae usukani ukikimbia mikono.

Mwisho, usukani wenyewe. Wa MGB za miaka hiyo una kipenyo cha takriban milimita 420. Ukiweka wa 350, ukingo wa chini unapanda milimita 35, na kwa mapaja hiyo ni nafasi kubwa. Gharama yake ni nguvu za mikono: gari halina pawa ya usukani, na usukani mdogo kiasi hicho utahitaji nguvu ya ziada ya kama asilimia 20, jambo utakalolihisi hasa wakati wa kuegesha. Kabla ya kununua, pima pia kama ukingo mpya hautaficha saa ya mwendo. Kitovu chake lazima kilingane na meno ya shafti, na kifungwe magurudumu yakiwa yamenyooka, la sivyo indiketa zitajizima wakati usiofaa.

Hapa ni haba na haba: milimita 20 kwenye sponji, 15 chini ya reli, 24 kwenye egemeo, 35 kwenye usukani. Mara nyingi hutahitaji hata tundu moja. Likihitajika, ingia kwanza uvunguni uone bomba la breki na la mafuta yanapita wapi, na chini ya kila boliti weka bamba la chuma la milimita 3, upana usiopungua 50 kwa 50. Washa, yaani kile kipete cha boliti, peke yake huchana sakafu nyembamba. Ukimaliza, vuta kiti kwa nguvu ukitikisa mbele na nyuma: reli zote mbili zijifunge. Ikishika moja tu, kiti kitapinda au kuruka mbele siku ya breki kali.

SWALI: Gari langu aina ya Mini la 1972 lina usukani uliolala kama wa basi. Nimeambiwa kuna kibano cha kuushusha. Kinafaa kwa mtu wa sentimita 190?

JIBU: Kinafaa, kwa sharti. Kibano hicho hukaa kati ya nguzo ya usukani na mahali inapofungwa chini ya dashibodi, na usukani husimama zaidi kukuelekea. Lakini pia huusogeza karibu na mapaja. Kaa garini, mtu akuwekee kipande cha kadibodi cha duara mahali usukani utakapofika, kisha kanyaga na kuachia klachi. Goti likigusa kadibodi, kisogeze kiti nyuma kabla ya kufunga kibano.

Kosa la kawaida ni kufunga kibano kwa kulazimisha. Nguzo ya Mini imeungana moja kwa moja na reki, ile fimbo ya meno inayogeuza magurudumu. Ukiivuta chini peke yake inapinda kwenye maungio. Usukani unakuwa mzito, haurudi katikati wenyewe baada ya kona, na beringi ya pinioni, gia ndogo inayosukuma reki, inalika. Legeza boliti ya maungio ya chini, nyanyua zulia ulegeze nati za vibano viwili vinavyoshika reki, funga kibano kipya, acha reki ijizungushe hadi inyooke na nguzo, ndipo ukaze. Inua magurudumu ya mbele na uzungushe usukani mpaka mwisho wa pande zote. Pakiwa pazito mahali pamoja, rudia.

SWALI: Navaa viatu namba 47. Nikikanyaga breki, nakanyaga na mafuta.

JIBU: Badili viatu kabla ya kubadili gari: soli nyembamba, isiyotokeza pembeni. Kisha toa zulia nene na sponji iliyo chini yake pale kisigino kinapokaa. Kisigino kikishuka milimita 15, pembe ya unyayo hubadilika kabisa. Pedeli ya mafuta inaweza kusogezwa kidogo upande wa nje, bora uhakikishe waya wake unarudi wenyewe na haugusi zulia. Mkono wa pedeli ya breki usiuchome moto wala kuupinda. Huo ndio unaobeba uzito wako wote wakati wa hatari.

SWALI: Bado sijanunua. Gari gani la zamani halitanitesa? Nina mita 1.95.

JIBU: Usiyahukumu kwa ukubwa wa nje. Volkswagen Beetle ina paa la mviringo lenye nafasi nzuri ya kichwa na unakaa wima, ingawa pedeli zake zimeota sakafuni na unyayo mrefu huhitaji kuzizoea. Citroën 2CV, iliyozinduliwa Paris mwaka 1948, ilisimamiwa na Pierre-Jules Boulanger, mtu mrefu aliyetaka dereva aweze kukaa na kofia yake kichwani. Vigari vya michezo vya viti viwili ndivyo vya kuchunguza kwa makini, hasa upana wa pale miguu inapokaa.

Ukienda kuliona gari, vaa viatu utakavyoendeshea. Kaa dakika 20, si 2. Kanyaga klachi hadi mwisho mara 10, ingiza kila gia, vuta hendibreki, zungusha usukani kote. Tazama mbele: kama ukingo wa juu wa kioo unakatiza usawa wa macho, hutaona taa za barabarani, na kukata sponji pekee huenda kusilitatue tatizo hilo.