Maswali ya Wasomaji: Mzee Aseme Kwanza

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa Kilwa Kivinje, elimu yangu darasa la saba. Mwanangu anasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ameniambia idara ya historia inaandaa mhadhara juu ya vita vya Maji Maji. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmatumbi, na vita vilipopigwa alikuwa binti mdogo. Mengi nimeyasikia kwake. Natamani kwenda ila naona haya. Mtu kama mimi ataruhusiwa?*

Marahaba mwanangu. Utaruhusiwa, tena usiingie kwa kunyata. Mwulize kijana wako jambo moja tu: tangazo linasema mhadhara wa umma au semina ya idara? Mhadhara wa umma mlango wake uko wazi kwa kila mtu. Semina ni kikao cha ndani zaidi. Mwalimu au mwanafunzi wa uzamivu analeta makala yake ambayo bado haijaiva, wenzake wanaichambua, na mara nyingi wanazungumza Kiingereza. Hata huko mgeni hafukuzwi, ila ni vizuri kijana amtaarifu mwenyekiti wa kikao mapema kwamba mama yake anakuja. Beba kitambulisho kwa ajili ya getini, na kaa viti vya mbele. Muda wa maswali huwa mfupi, na walioko nyuma hawaonekani.

Hiyo haya iweke kando kabisa, kwa maana ile idara imejengwa kwa maneno ya watu kama bibi yako. Chuo kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, karibu yote yaliyokuwa yameandikwa kuhusu Maji Maji yalitoka kwenye mafaili na kumbukumbu za maofisa wa Kijerumani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walirudi makwao, hasa mikoa ya kusini, wakakaa na wazee walioviona vita vya 1905 hadi 1907 kwa macho yao au waliosimuliwa na wazazi wao. Miaka hiyohiyo wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe walihariri simulizi za vita hivyo zikachapishwa. Waliozisema hawakuwa na shahada.

Niliwahi kuongoza kikao ambacho mtoa mada, akieleza vita vilivyoanza kwa kung'olewa pamba ambayo Wajerumani waliwalazimisha watu kuilima, alisema "wakulima waling'oa pamba" kisha akapita. Mzee mmoja wa Kipatimu, aliyekuja Dar kutibiwa na kuletwa kikaoni na mjukuu wake, akanyoosha mkono. Akasema hao wakulima wana majina: pale Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, waliotangulia kung'oa ni Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Majina hayo yalikwishaandikwa tangu enzi za Gwassa, lakini ilibidi atoke mzee Matumbini ndipo yatajwe chumbani mle. Mtoa mada aliyaandika palepale, na kikao kizima kikabadilika. Tukaacha kuzungumzia "wakulima", tukaanza kuulizana nani alikuwa shamba la nani, nani alikuwa akida, yaani msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, na bei ya pamba ilikuwa ngapi.

Kwa hiyo nenda. Wakikupa kipaza sauti, usianze kwa kuomba radhi kwamba hujasoma. Taja jina la bibi yako, kijiji chake, na nani alimsimulia. Mwanahistoria akishayapata hayo matatu ana kazi ya kufanya. Ukiona wanazungumza Kiingereza, omba waseme Kiswahili. Kuomba hivyo ni haki yako, na nijuavyo mimi, wengi wao watashukuru.

*Mwalimu, habari za siku. Mimi nafundisha sekondari hapa Songea. Tunataka kuialika idara ya historia ya chuo kikuu tufanye nao siku ya wazee na wanafunzi, karibu na kumbukizi ya mashujaa wa Maji Maji, 27 Februari. Kamati yetu tayari inazungumzia mgeni rasmi, fulana na mabango. Wazee nao wanalalamika kwamba watafiti huja, hurekodi, hawarudi. Wengine wanasema safari hii bila pesa hawasemi. Tufanyeje?*

Ndugu mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, maana hilo la watafiti kutorudi limenikereketa miaka yote ya kazi yangu.

Anzeni na ratiba. Mgeni rasmi akiwekwa mwanzo, hotuba zitakula asubuhi nzima, wazee watapewa dakika kumi kabla ya chakula na wote watakuwa wamechoka. Geuzeni. Wazee waseme kwanza, tangu saa tatu, wakiwa na nguvu, wameketi kivulini, na wanafunzi wako mbele yao na madaftari. Profesa kutoka Mlimani, yaani chuo kikuu, aseme baada yao, na sharti lake liwe kwamba azungumze kuhusu aliyoyasikia asubuhi hiyohiyo, asisome karatasi aliyokuja nayo kutoka Dar. Mgeni rasmi afunge. Lizombe, ngoma ya Wangoni, ichezwe jioni. Kingoni kiruhusiwe, mkiwa na kijana wa kutafsiri, kwa sababu kuna mambo ya ukoo ambayo mzee akilazimishwa kuyasema kwa Kiswahili atayafupisha.

Pesa za fulana zinatosha kuchapa nakala. Ombeni idara, kabla hata ya kukubaliana tarehe, ilete Songea nakala za simulizi zilizokusanywa huko na kuhifadhiwa maktaba ya chuo. Nyaraka za utafiti ule wa 1968 zimo katika mkusanyo wa East Africana pale Mlimani. Sijui zawadi gani inayomfaa mtu kuliko kupewa maneno ya babu yake yakiwa yamepigwa chapa, na jina la babu juu yake. Nakala moja ibaki Makumbusho ya Maji Maji, nyingine shuleni kwenu, nyingine kwa familia. Idara ikisema haiwezi kuzileta, waulizeni inakuja kufanya nini.

Kuhusu pesa, wazee wako hawajakosea. Mlipeni kila mmoja nauli na chakula, na anayeacha shamba au biashara siku nzima afidiwe siku yake. Viwango viwe sawa kwa wote na vijulikane mapema. Msilipe kwa simulizi. Anayelipwa kwa kisa ataongeza visa, na jirani yake atanyamaza kwa kuona chake hakina thamani. Bahasha za siri nazo ziepukeni, zinavunja undugu baada ya wageni kuondoka.

Idara ije na kibali cha utafiti na barua ya utambulisho, ipitie kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Hilo wanalijua. Wasichokifanya sana ni kumweleza mzee, kabla ya kuwasha kinasa sauti, sauti yake itatunzwa wapi, nani ataisikiliza, na kwamba anaweza kusema "hapa zima". Wanafunzi wako wafundisheni kuzima bila kuuliza kwa nini.

Jiandaeni pia kwa swali ambalo Songea haliepukiki. Mtaulizwa kuhusu mashujaa walionyongwa 27 Februari 1906, na kuhusu Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake na ambaye wazee wanasema kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo kwenye makumbusho tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Ukoo una haki ya kujua utafutaji umefikia wapi. Mwandikieni mkuu wa idara barua sasa, aje na mtu anayefuatilia suala la mabaki ya binadamu yaliyoko katika makumbusho ya Ujerumani, awaeleze wazee ana kwa ana yanayojulikana na yasiyojulikana. Akija mtu wa hivyo, hata kama hana jibu kamili, wazee watakaa hadi jioni.

Na kabla wageni hawajapanda basi, mwombeni mkuu wao ataje mbele ya watu wote mwezi wa kurudi kusoma walichoandika. Wanafunzi wako waandike mwezi huo ubaoni.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili katika historia. Nimewahoji wastaafu walioijenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na mwezi ujao nitawasilisha kwenye semina ya idara. Nataka kuwaalika baadhi yao, lakini msimamizi wangu anaona semina si mahali pao. Naogopa pia kukosolewa mbele yao.*

Marahaba mwanangu. Msimamizi wako usigombane naye. Wasilisha semina kama desturi ilivyo, ukosolewe na wenzako, urekebishe. Kukosolewa huko ni malezi ya kazi yetu, na makala isiyokosolewa semina itakosolewa na mtahini wa nje, ambako ni kuchungu zaidi. Kisha fanya kikao cha pili kwa Kiswahili, huko huko kwenye reli. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, zina wastaafu Mlimba, Makambako na kwingineko. Omba ukumbi wa stesheni au wa shule.

Usiende na slaidi. Nenda na picha za wakati wa ujenzi, zikuzwe, uzitandaze mezani, uwaache wazizunguke wenyewe kabla hujasema neno. Wataanza kubishana nani ni nani, daraja ni lipi, Mchina yule aliitwaje kambini. Hapo ndipo utafiti wako utakapoongezeka. Kila jina litakalotajwa liandike kwa penseli nyuma ya nakala, usiguse picha halisi, na kando yake andika nani amelitaja na nani amelipinga.