Mjibu Kwanza, Adabu Mfundishe Nyumbani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama umkanye mjukuu wangu kwa alichosema kwenye kikao cha harusi pale Sinza, na kama mtoto wa miaka minne anajua anachokisema. Wakubwa walikuwa wanavutana juu ya ahadi ambazo hazijalipwa na ukumbi unaodai malipo ya awali, yeye akainua kichwa kutoka kwenye bisi zake akauliza, "Kwani bila ukumbi Anti haolewi?" Baba yake mkubwa akasema mtoto hana adabu. Wengine wakaangua kicheko, na kikao kikaishia hapo.

Mambo ya michango hayajui. Ila anakumbuka binti wa jirani yetu hapa Magomeni alivyoolewa: shehe amekaa kwenye mkeka sebuleni, wageni uani chini ya turubai wanakula pilau, na jioni bwana harusi akaondoka na mkewe. Ukumbi hakuuona, ndoa aliiona. Akauliza kutokana na hicho, na swali lenyewe ndilo ambalo nyote mlikuwa mnalikwepa tangu bajeti ilipopanda.

Macho hayohayo humdanganya pia. Juzi niliwamiminia juisi ya ukwaju yeye na dada yake, sawasawa kabisa, ila glasi ya dada ilikuwa ndefu na nyembamba. Akalia kwamba amepunjwa. Nikaihamishia ya dada yake kwenye glasi fupi kama yake, akatulia. Nikairudisha kwenye ile ndefu huku anatazama, kilio kikaanza upya! Chuo cha ualimu tulisoma kwamba Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliwapima watoto kwa namna hiyo, na kwamba wengi huja kuelewa kuwa kiasi hakijabadilika wakiwa na miaka kama saba. Basi usimwite mjinga kwa juisi na mwerevu kwa ukumbi. Kote kuwili amesema anachokiona, bila kuchungulia kwanza uso wa mtu. Sisi wakubwa tunaanza na nyuso.

Nawe ulikuwa hivyohivyo. Baba yako alikuwa sebuleni na kikombe cha chai mkononi, anamwambia mtu kwenye simu amekwama kwenye foleni Ubungo. Ukauliza kwa sauti, "Baba, hapa ndiyo Ubungo?" Mtu wa upande wa pili alisikia. Baba yako akakutazama, kisha akamwambia yule mtu, "Samahani, bado niko nyumbani, ndiyo natoka." Hakukugombeza. Nilimpenda sana siku ile.

Kwa hiyo usimkanye kwa kuuliza. Mjibu: Anti ataolewa hata bila ukumbi, ila ndugu ni wengi na wanataka kukaa pamoja kusherehekea. Jibu hilo ni la kweli, na linamtosha. Ukishamjibu, mkiwa nyumbani wenyewe, mfundishe kwamba wakubwa wakizungumza anasubiri, anakuja kwako, anakunong'oneza. Adabu ya namna hiyo ataishika. Ukimzaba kofi mbele ya watu atashika jambo jingine kabisa, kwamba kuuliza ni kosa, na akifika miaka kumi na mitano utamtafuta akueleze yaliyomsibu shuleni, hutampata.

Na tafadhali, msimfanye kichekesho. Nasikia video inazunguka kwenye kundi la familia. Iondoeni. Mtoto akiona kila akiuliza simu zinainuliwa, ataanza kutafuta maneno ya kuchekesha watu, na yale maswali yake ya kweli yatapotea.

Baba yake mkubwa mpigie wewe mwenyewe, usimtumie meseji. Mpe shikamoo yake, umwombe radhi kwa kikao kuvunjika. Yeye ndiye mwenyekiti na amehangaika sana na harusi hii. Ukishamaliza hilo, muulize kwa heshima kama kamati imewahi kupiga hesabu ya kufanyia sherehe nyumbani. Uwanja wetu unatosha, na turubai nitalikodi mimi.

Mama yako