Cherehani ya Bibi Haina Zebaki

Maswali ya wasomaji kuhusu ushonaji, yanajibiwa na fundi wetu wa Ngamiani, Tanga

*Shikamoo fundi. Bibi yangu mzaa mama ana cherehani ya mkono ya Singer, alinunuliwa na marehemu babu. Ni nyeusi, ina michoro ya dhahabu ya lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na gari, wakasogeza simu karibu na sindano, simu ikakatika. Wakasema ndani mna zebaki nyekundu, ati kitu cha thamani kubwa, na watainunua kwa shilingi milioni 30, ila kwanza tutoe 200,000 za dawa ya kupimia. Mjomba anahangaika kutafuta hizo hela. Tufanyeje? – Mjukuu, Pangani*

Marahaba mwanangu. Mwambie mjomba aketi, anywe maji, na kama ameshakopa azirudishe leo hii. Tangu lini mtu mwenye milioni 30 akashindwa na laki mbili ya dawa?

Cherehani hizi nazifungua tangu nina miaka kumi na mitatu, nilipokuwa namshikia mjomba wangu bisibisi kibarazani, barabara ya nane. Nimekuta humo vumbi la nyuzi, sindano zilizokatika, mende wakavu, na siku moja senti kumi ya mkoloni yenye tundu katikati. Zebaki sijaiona, wala nyekundu wala nyeupe. Mle ndani ni chuma cha kusubu, vyuma vigumu vya kusuguana, nikeli iliyopakwa kwa juu ili king'ae, na mbao za kitako. Basi.

Uongo huu una umri. Mwaka 2009 ulivuma Saudi Arabia, watu wakagombania Singer kuukuu mpaka nyingine zikafika riyali 200,000. Kipimo chao kilikuwa hicho hicho cha simu na sindano. Serikali ya huko ikatamka kuwa ni utapeli, lakini walioingia mkenge walikuwa wameshaingia. Kuhusu simu kukatika, mimi napajua Pangani. Hapo mtandao unakatika hata ukiiweka simu karibu na muhogo.

Sasa tuzungumze cherehani yenyewe, maana hao matapeli wamekufanya uitazame na hilo ni jambo jema. Angalia upande wa kulia wa kitako cha chuma, karibu na nguzo, utaona namba imegongwa. Ikianza na herufi Y, ilitengenezwa Clydebank, Uskoti, kati ya 1921 na 1935. Kiwanda hicho cha Singer kilifunguliwa mwaka 1885 mahali paitwapo Kilbowie, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa kikitoa cherehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Kilifungwa 1980, lakini kituo cha treni cha hapo mpaka leo kinaitwa Singer. Kwa hiyo cherehani ya bibi si adimu, na bei yake haiwezi kuwa ya nyumba. Mimi huo wingi naupenda. Kwa sababu zilikuwa nyingi, hata leo ukitafuta skrubu yake utaipata.

Kitu kimoja tu ndicho kinachonitia wasiwasi. Cherehani zenye mchoro huo kwa kawaida hazitumii bobini (kile kinachobeba uzi wa chini) ya duara. Bobini yake ni ndefu na nyembamba, kijiti chenye kisahani kila ncha, na inakaa ndani ya kidau cha chuma chenye umbo la risasi. Hicho ndicho kinachokwenda na kurudi chini ya sindano. Vuta kile kibati cha mbele kinachoteleza, uchungulie. Kidau kikiwemo, bibi anashona kesho. Kama hakimo, waulize wale wageni wawili walishika nini, kisha uniandikie.

*Fundi, salamu sana. Nimenunua cherahani ya mkono kwa jirani yangu hapa Majengo, Mombasa, nashonea pindo za leso. Mambo mawili yanisumbua. Yaruka mishono, na nilipoipangusa kwa spiriti ile dhahabu ikatoka na kitambaa. – Mama Leso*

Salamu zimefika, dada yangu. La spiriti pokea pole, na ujue huko peke yako. Juu ya ile michoro walipaka vanishi ya zamani ambayo spiriti huiyeyusha kama chumvi kwenye maji. Mimi niliiharibu ya mteja, mwanamke mzee wa Usagara, nikitaka kumfurahisha kwa kuing'arisha. Simba alibaki na miguu bila kichwa. Alinilipa hela yangu yote, na mpaka leo najuta kuipokea. Tangu siku hiyo natumia kitambaa laini cha fulana na mafuta ya cherehani, taratibu, siku mbili tatu, uchafu unaachia wenyewe. Mafuta ya kupikia hapana, yakikaa yanakuwa gundi. Kama vyuma vimegandamana, tone la mafuta ya taa kwenye maungio, mbali na moto na mbali na michoro, ulale, asubuhi ufute, ndipo utie mafuta ya cherehani.

Kuruka mishono, nina hakika tisa kwa kumi ni sindano uliyoigeuza. Nunua mpya, hii ya kawaida ya nyumbani iliyoandikwa HAx1 inaingia kwenye nyingi ya hizi. Ishike uione: juu ina upande bapa, na upande wa pili una mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu. Uzi huingia kutokea upande wa mfereji, haijalishi ni cherehani gani. Kama yako ni ya kidau kama niliyomweleza huyo mjukuu, bapa litazame kulia na uzi uingie kutoka kushoto. Kama ni ya bobini ya duara inayochomekwa chini kwa upande wa kushoto, kama zilivyo Butterfly nyingi, fanya kinyume chake. Mashine hazikukubaliana, ndiyo maana watu wanagombana nazo.

Na kwa leso umechagua vyema. Mpini ukizunguka mara moja sindano inashuka kama mara tatu, kwa hiyo kwenye kona ya pindo unasimama pale pale unapotaka. Ya umeme ingekuwa imeshapita.

*Fundi, nataka kuanza kutafuta cherehani kuukuu za mkono. Niende wapi, na nisidanganywe vipi? – Kijana, Morogoro*

Dukani usiende. Nenda kwa watu: wajane wa mafundi, vikundi vya akina mama vya makanisani na misikitini, nyumba ambazo juu ya kabati kuna mfuniko wa mbao uliopinda kama mgongo wa kasa. Uliza kwa adabu, na ukiambiwa haiuzwi, kunywa chai yako uondoke.

Nyingi zinauzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa kosa dogo mno. Korogwe niliwahi kuuziwa moja iliyoitwa imekufa, gurudumu linazunguka lakini sindano imetulia tuli. Katikati ya gurudumu lile kuna kinati kikubwa cha duara. Hulegezwa wakati wa kujaza bobini ili sindano isicheze, na mwenyewe alisahau kukikaza. Nilikikaza kwa vidole pale pale mbele yake. Ilinibidi nimwongeze hela, aibu ilinishika.

Zungusha mpini kwenda mbele, mbali nawe, polepole. Uzito unaolingana mzunguko mzima ni mafuta yaliyoganda, hilo si tatizo. Uzito unaogonga mahali pamoja kila mara, hapo ujue kuna kitu kimepinda, mwachie mwenyewe. Tembea na kipande cha kitambaa na uzi mfukoni.

*Nina mgahawa Arusha, nataka cherehani kumi kuukuu za kupamba ukuta. Unaweza kunipatia? – Mwenye Mgahawa*

Zilizovunjika shingo nitakupatia, hata kumi na mbili. Nzima sikupi. Na ukiwa umeshanunua kwingine, kabla hujazipigilia misumari vuta vile vibati vya mbele utazame. Ukikuta vidau, nitumie kwa basi. Pangani huenda kuna mtu anakisubiri kimoja.