Usianze dawa kabla hujajua jina la kimelea na msitu kilikotoka

Usiipake hiyo dawa. Umeandika kwamba umerudi kutoka Beni, Bolivia, na kidonda kwenye kigimbi ambacho kwa wiki 7 hakiumi wala hakiponi, kwamba hadubini imeonyesha leishmania, kimelea kinachoenezwa na nzi wadogo wa mchanga, na kwamba daktari amekupa uchague kati ya mafuta ya paromomisini na vidonge vya miltefosini vya siku 28. Unauliza ipi ni nafuu, kovu litafifia lini, na kama unaweza kuogelea. Mimi nilirudi kutoka nyanda hizo hizo na kidonda cha namna hiyo mkononi, nikauliza bei kama wewe, na hakuna aliyeuliza swali lililohitajika: ni leishmania ipi?

Hadubini haiwezi kulijibu. Vimelea vya Baringo, Kenya, na vya Beni huonekana sawa kwenye kioo, vidoa vya mviringo vilivyojazana ndani ya seli. Daktari wangu alizoea vidonda vya Baringo, ambako kuna Leishmania major, na vidonda vyake mara nyingi hupona vyenyewe. Alitazama kioo, akasema, “Huyu namjua,” akachoma sindano za antimoni, dawa ya kuua leishmania, kuzunguka ukingo wa kidonda mpaka ngozi ikageuka nyeupe. Baada ya wiki 6 kidonda kilifunga, tukapeana mikono, nikaenda zangu. Neno lile “namjua” sijalisamehe hadi leo, kwa sababu nilimtajia Bolivia kwa kinywa changu, naye kwenye faili akaandika “safari: nje ya nchi”.

Miezi 14 baadaye tundu la kulia la pua lilianza kuziba. Nilidhani ni vumbi, kisha nikadhani ni mzio, nikanunua dawa ya kupuliza. Kila asubuhi nilikuwa natoa makamasi makavu ya rangi ya kahawia, na siku moja nikaamka nikakuta damu kwenye foronya. Daktari wa masikio, pua na koo alimulika ndani, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama nimewahi kupata kidonda cha ngozi Amerika ya Kusini. Ukuta unaotenganisha matundu ya pua ulikuwa umeanza kulika. Kipande alichokata kilipimwa vinasaba na jibu likaja kuwa Leishmania braziliensis, ambayo kwa wagonjwa wachache huhamia kwenye utando wa pua na koo miezi au hata miaka baada ya kidonda cha ngozi kufunga. Nililazwa, nikatundikiwa dawa ya amfoterisini mshipani, huku figo zangu zikipimwa mara kwa mara.

Sisemi kwamba sindano za kuzunguka kidonda hazifai, kwani hata Amerika ya Kusini hutumika kwa vidonda vidogo vichache. Kosa letu ni kwamba kimelea hakikujulikana, kwa hiyo hakuna aliyechungulia pua yangu wala aliyenipangia siku ya kurudi.

Na jina peke yake halitoshi; lazima pia ijulikane kimelea kimetoka wapi. Mwenzangu wa safari alinihakikishia kwamba miltefosini “inaponya wote”, kwa kuwa alisoma habari za Kolombia, ambako utafiti wa 2004 ulionyesha wagonjwa 91 kwa 100 wakipona. Laiti angesoma mpaka mwisho! Katika utafiti huo huo, upande wa Guatemala, waliokuwa na braziliensis walipona 33 tu kwa 100, na hata hivyo huko Bahia, Brazili, mwaka 2010, vidonge hivyo hivyo viliponya 75 kwa 100 dhidi ya braziliensis, wakati antimoni iliponya 53. Peru nako utafiti wa 2007 ulikuta antimoni ikishindwa kwa watu 30 kwa 100 wenye braziliensis, lakini kwa 8 tu kwa 100 wenye guyanensis, aina nyingine ya leishmania. Isitoshe, baadhi ya vimelea hubeba kirusi ndani yao, na uchunguzi wa vimelea vya Peru na Bolivia ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye vimelea vya namna hiyo matibabu yalishindwa mara nyingi zaidi. Wanaonicheka kwamba namhoji mdudu kama karani wa uhamiaji, jina lako nani na umetoka wapi, na wacheke. Pua ningali nayo.

Kesho mwambie daktari akate kipande kwenye ukingo ulioinuka, akihifadhi kwenye ethanoli na kukipeleka maabara inayopima vinasaba, kabla dawa yoyote haijagusa kidonda. Kwenye fomu aandike Bolivia, aandike Beni, aandike na kijiji ulicholala. Kisha akumulike ndani ya pua, hata kama haikusumbui.